Kikohozi cha Mama na Somo la Seli

Mwaka nilioingia kidato cha kwanza, mama alikuwa akikohoa tangu mvua za mwezi wa nne. Mwanzoni hatukujali. Katika nchi ya chai kila mtu hukohoa. Mchumaji huingia shambani asubuhi majani yakiwa yamelowa, aproni ya mpira inamzuilia maji mbele tu, mgongoni kikapu kinamchuruzikia, na jioni anarudi kukaa mbele ya moto wa kuni mbichi. Mama alikohoa kama wenzake, akanywa maji ya moto yenye ndimu, akaenda kazini.

Tulikaa kambi ya wafanyakazi katika shamba moja upande wa Kericho unaoteremka kuelekea Roret. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wazazi wangu walitoka upande wa Kakamega kabla sijazaliwa. Baba alipata kazi kiwandani, kwenye chumba cha kukaushia majani, na mama akawa mchumaji. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha matofali chenye dirisha moja la mbao, na dirisha hilo halikufunguliwa kwa sababu ya baridi. Baba na mama walilala kitandani nyuma ya pazia. Mimi na wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike, tulilala sakafuni karibu na jiko.

Shule yetu ya sekondari ilikuwa ya harambee, imejengwa na wazazi wenyewe, mabati juu na sakafu ya udongo. Mwalimu wa bayolojia alikuwa kijana wa Kikipsigis aliyesoma shule ya Kabianga kisha chuo cha ualimu. Alikuwa mrefu, mkimya, na alipozungumza Kiswahili b na p zilibadilishana nafasi, hata "picha" ikawa "bicha". Tulicheka wiki ya kwanza tu. Baada ya hapo hatukuwa na nafasi ya kucheka, kwa sababu alitufundisha kama mtu anayetugawia chakula, akihakikisha kila mmoja amepata.

Shule ilikuwa na hadubini moja, ambayo sisi tuliiita maikroskopu. Ilikuwa ya shaba, nzito, na haikuwa na taa, kioo kidogo tu chini cha kushika mwanga wa jua. Kwa hiyo masomo ya hadubini yalikuwa ya asubuhi, maana Kericho ikifika saa nane mchana mawingu yameshajaa. Siku ya kwanza mwalimu alimenya kitunguu, akavua ngozi ile nyembamba ya ndani, akaidondoshea tone la ayodini aliyopewa na dresa, mhudumu wa dispensari ya shamba, kisha akatupanga foleni.

Zamu yangu ilipofika nikaona giza. Mwalimu akaniambia nisikaze jicho. Nikalilegeza, na mara ukuta ukatokea: matofali ya rangi ya kahawia, yamepangwa vizuri kuliko ya nyumba yetu, na ndani ya kila tofali nukta moja. Akasema kila tofali lile linaitwa seli na liko hai, na kwamba mimi pia nimejengwa hivyo, kuanzia unyayo hadi ulimi. Nilirudi kwenye dawati nikiutazama mkono wangu kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Nilikaa dawati moja na binti wa karani wa shamba. Wao walitoka upande wa ziwa, na nyumba yao ilikuwa mstari wa juu, nyumba za makarani, lakini bomba la maji lilikuwa moja, kwa hiyo tulifahamiana tangu utotoni. Tulienda shule pamoja, tukirudi tunagawana ndizi au muwa. Alijua mambo ya nyumbani kwetu kama nilivyojua ya kwao.

Muhula wa pili mwalimu aliingia kwenye sura ya magonjwa ya kuambukiza. Alianza na yale ya maji, akaja kwa yale ya nzi, kisha siku moja akasema leo ni ya hewa. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia dirishani kama ubao mrefu wa mwanga. Mwalimu alichukua dasta, akasimama pembeni, akaipiga mara moja kwa kiganja. Vumbi la chaki likapaa ndani ya ule mwanga. Alituacha tulitazame. Tulidhani litaanguka, lakini lilielea, likazunguka, likasogea polepole hadi madawati ya nyuma. Ndipo akatuambia kwamba mtu mwenye kifua kikuu akikohoa ndani ya chumba kilichofungwa, vijidudu vyake huelea hivyo hivyo, tofauti ni kwamba jicho haliwezi kuviona.

Kisha akaandika ubaoni dalili zake. Kikohozi kisichoisha. Jasho la usiku. Kukonda. Kukosa hamu ya chakula. Damu kwenye makohozi.

Niliinakili ile ya kwanza, na ya pili, na nilipofika ya tatu mkono ukasimama. Mama alikuwa amefunga mkanda wa rinda lake kwa fundo jipya mwezi ule. Asubuhi nilikuwa nikianika shuka lake likiwa limelowa. Na kitambaa alichokuwa akikifua mwenyewe, ambacho hakuniachia kamwe nikiguse, nikaelewa kwa nini. Sikulia. Nilihisi tu masikio yamekuwa moto.

Mwenzangu wa dawati alikuwa amesoma ubao ule ule. Alinitazama, akatazama ubao, kisha akasogea hadi mwisho wa dawati, polepole, kama mtu anayepisha mwingine apite. Wakati wa mapumziko sijui alimwambia nani. Najua tu kwamba nilipofika kwenye pipa la maji, kikombe cha bati tulichokitumia wote kilikuwa kimefichwa, na msichana mmoja akaniambia ninywe kwa mikono. Siku iliyofuata mwenzangu alikuwa amehamia dawati la nyuma.

Nilikaa peke yangu wiki nzima na siku kadhaa juu yake. Sikuwachukia, maana mimi mwenyewe niliogopa. Nyumbani nililala nimejifunika blanketi hadi kichwani, na nilipomsikia mama akikohoa nyuma ya pazia nilijaribu kutovuta pumzi. Kisha nikamfikiria mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa bado mdogo sana, akilala mdomo wazi, nikamfunika na yeye. Mambo hayo nilimficha kila mtu. Nilikuwa nimepewa elimu ya kuogopa na bado sikujua niitumie vipi.

Mwalimu aliliona dawati langu. Hakuuliza darasani. Alinibakisha baada ya somo nimsaidie kufuta ubao, akaniuliza kwa nini nimekuwa kisiwa. Nikamwambia yote. Nilitarajia atanihurumia, na kwa kweli nilitaka anihurumie. Badala yake akaniuliza maswali: kikohozi kimeanza lini, watoto ni wangapi ndani ya chumba, dirisha hufunguliwa, mama amekwenda dispensari? Nilimwambia alikwenda akapewa dawa ya maji ya kikohozi, na sasa baba alikuwa akizungumza habari ya kumrudisha kwao Kakamega. Wazee wa huko walikuwa wamemwambia kwamba ugonjwa wa namna ile hufuata damu ya ukoo, kwa kuwa shangazi yake mama alikufa vivyo hivyo, na kwamba kuna mambo ya nyumbani yanayotakiwa kurekebishwa kwanza.

Mwalimu alifuta ubao mpaka ukawa mweusi kabisa. Kisha akasema, "Mama yako anahitaji hospitali, na dawa yake iko. Jumapili asubuhi nitakuja kumwona mzee."

Alikuja kweli, kwa baiskeli, baada ya ibada. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga sanduku la mbao kwa mpira wa tairi, na mimi nikalitambua lile sanduku kabla hajashuka. Baba alimpokea kwa heshima zote. Mwalimu kutembelea nyumba ya kambi halikuwa jambo la kila siku. Aliletewa kiti, chai ikachemshwa, na mama akatoka kusalimia akiwa amejifunga leso mdomoni, akarudi ndani.

Kwanza walizungumza habari za mvua na za kiwanda. Kisha mwalimu akasema wazi kilichomleta. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipojibu hakuwa na hasira. Alisema, "Mwalimu, mimi nimeona mtu ya kwetu alipelekwa hospitali, akarudi kwa sanduku. Na hii kitu iko kwa ukoo wao. Wewe utatibu ukoo?"

Mwalimu hakubishana naye. Aliomba meza itolewe nje penye jua. Baba na mimi tukaitoa. Akafungua sanduku, akaiweka ile hadubini, akageuza kioo chake hadi kikashika mwanga. Nilidhani atatafuta kitunguu. Badala yake alivuka njia, akaingia mistari ya chai iliyoanza hatua chache kutoka mlangoni petu, akarudi na majani mawili na kichomozo, kama yanavyochumwa. Akakata kwa wembe kipande chembamba mno, ukingo wa jani ukaonekana kama uzi, akakiweka kwenye tone la maji juu ya kioo, akamwomba baba atazame.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Aliinama, akafumba jicho lisilotakiwa, mwalimu akamwelekeza. Kisha akabaki ameinama hivyo hivyo hata nikaona aibu. Aliinuka, akalishika jani lililobaki, akaligeuza, akainama tena.

"Hii ndiyo chai?"

"Ndiyo chai, mzee. Hivyo vyumba vidogo vya kijani ndivyo vinaifanya iwe hai."

"Miaka yote mimi nakausha hii kitu," baba akasema, "na sijui kama iko na nyumba ndani."

Mwalimu akamweleza kwamba mwili wa mama una vyumba kama hivyo, na kwamba kijidudu kimeingia kwenye vya mapafu kinavibomoa kimoja kimoja. Hakikuzaliwa naye. Kilitoka kwa mtu mwingine aliyekohoa karibu naye. Huenda kilitoka kwa huyo shangazi, maana nilikuwa nimemweleza kwamba mama alimuuguza alipokuwa msichana, nao walilala chumba kimoja. Ndiyo maana ugonjwa ule huonekana kama unafuata damu, kumbe unafuata chumba. Na kwa sababu ni kiumbe kidogo na wala si laana, dawa inaweza kukiua, ila inachukua muda mrefu na mgonjwa hatakiwi kuiacha njiani.

Baba alisema atafikiri. Alisema lazima aandikie wakubwa wake nyumbani, asubiri jibu. Hapo ndipo mama alipotokea mlangoni. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. Alishusha leso kidogo, akageuza uso pembeni ili asitukoholee, akasema kwa sauti ndogo, "Baba watoto, mimi nataka kwenda. Hakuna mtu ameniuliza."

Kwa kweli hakuna aliyekuwa amemwuliza. Hata mimi, niliyeandika dalili zake zote, nilikuwa nimezungumza na kila mtu isipokuwa yeye. Baba alimtazama mama, akatazama mbali kwenye chai, akasema kesho atamwomba nyapara ruhusa.

Kabla ya kuondoka mwalimu aliingia ndani, akaomba ruhusa, akalifungua lile dirisha. Ubao wake ulikuwa umevimba kwa unyevu ikabidi aupige kwa kiganja. Alituambia mchana kutwa likae wazi, na usiku tuliache nafasi kidogo. Mdogo wangu wa kike alilalamika baridi. Baba alimnunulia blanketi la pili, lililochoma shingo kama upupu.

Dresa alimwandikia mama rufaa, akapimwa makohozi mjini, na akalazwa wadi ya kifua. Ilikuwa wadi yenye baraza pana, vitanda vimetolewa nje kwenye jua, na wagonjwa wamejifunika blanketi nyekundu wakizungumza lugha zote za mashamba. Kila siku alichomwa sindano, na juu yake vidonge vikubwa vilivyomchafua tumbo. Nilimtembelea Jumamosi, nikisimama upande ambao upepo unatoka, kama sista wa wadi alivyonielekeza. Mara ya kwanza mama aliniambia makalio yake yamekuwa kama chujio. Nilicheka, naye akacheka hadi akakohoa, na sista akatutazama kwa jicho kali.

Nyumbani nikawa mpishi. Baba alijifunza kumwogesha mtoto. Sisi wote tulipelekwa kupimwa, na mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeanzishiwa dawa, vidonge vilivyosagwa ndani ya uji. Alivitema mara nyingi kabla hajagundua kwamba mimi nina subira kuliko yeye.

Shuleni bado nilikaa peke yangu. Kisha kabla ya likizo lilikuja gari la idara ya afya, lililokuwa likizunguka shule za upande ule. Sikuwahi kujua kama mwalimu ndiye aliyeliita. Kila mwanafunzi alichomwa sindano ndogo ya kupima kifua kikuu chini ya ngozi ya mkono, kisha baada ya siku chache wahudumu wakarudi kupima uvimbe kwa rula. Mkono wangu ulikuwa umevimba, na nilitarajia hivyo. Kilichotushangaza ni kwamba wengi walivimba. Mvulana wa Bomet aliyekuwa bingwa wa mbio alivimba. Msichana aliyeficha kikombe alivimba. Mwenzangu wa zamani wa dawati alivimba kuliko mimi, na alikuwa amefunika mkono kwa sweta.

Somo lilipoanza hakuna aliyefungua daftari. Wengine walikuwa wamelia. Mwalimu aliwaambia waliovimba wanyooshe mikono juu, naye akakunja mkono wa shati lake akanyoosha wake.

"Huu uvimbe hausemi wewe ni mgonjwa," akasema. "Unasema wewe na kijidudu mliwahi kukutana. Mgeni aliingia, labda miaka mingi iliyopita, na seli zako zikamzunguka, zikajenga ukuta, zikamfungia ndani. Wengi wenu mtazeeka na ukuta huo haujabomoka."

Alichora ubaoni lile boma la seli, duara ndani ya duara, kama zizi la ng'ombe, na darasa likaanza kupumua. Alisema kwa wachache ukuta hubomoka, kwa njaa, au kazi nzito, au ugonjwa mwingine, na hao ndio wanaohitaji dawa. Akaeleza pia lile ambalo hatukuwa tumelifikia siku ya vumbi la chaki: kwamba kikombe hakiambukizi kifua kikuu, wala dawati, wala shuka, na kwamba mtu aliyeanza dawa huacha kuambukiza wengine baada ya muda mfupi tu. Hakunitaja. Hakunitazama hata mara moja, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Jioni ile mwenzangu alinisubiri kwenye kona ya njia, penye miti ya mkaratusi. Tulitembea hadi tukauona moshi wa kiwanda. Alikuwa anaogopa. Aliniuliza jambo moja tu: nilikuwa nikilalaje usiku, nikijua. Nikamwambia nilijifunika kichwa. Akasema yeye amejaribu, ameshindwa kupumua. Tulicheka kidogo, kicheko cha watu ambao bado hawajapatana. Nikamwambia habari za dirisha. Asubuhi iliyofuata alikuja na vitabu vyake akakaa mahali pake pa zamani, na mimi nikasogea kumpa nafasi. Baadaye alipigwa eksirei ya kifua, na haikuonyesha kitu.

Mama alirudi nyumbani msimu wa mvua nyingine, akiwa amenenepa hata majirani wakamtania kwamba alikuwa anakula kwa mzungu. Vidonge aliendelea navyo zaidi ya mwaka. Baba ndiye aliyemkumbusha kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani, na siku mama aliposema amepona haoni sababu ya kumeza tena, baba alikaa mlangoni, akasema hatoki mtu humu mpaka vimemezwa. Barua ya wakubwa wa nyumbani ilifika pia, ikiuliza kwa nini hawakungojewa. Baba aliijibu kwa adabu, akatuma na kilo moja ya majani ya chai.

Nyapara hakumrudisha mama kwenye kuchuma mara moja. Alipewa kazi ya kitalu, kumwagilia miche, akiweza kukaa achokapo. Akiwa huko, wanawake wa kambi walianza kumjia mmoja mmoja, kwa visingizio vya kuomba chumvi au kiberiti. Walitaka kujua sindano inauma kiasi gani, na kama mwanamume anaweza kukufukuza ukilazwa. Mama hakuwahi kuingia darasa lolote. Aliwaambia tu alichopitia, bila kuongeza wala kupunguza, na mwisho alimwuliza kila mmoja kama dirisha lake linafunguka.

Mwalimu alihamishwa nilipokuwa kidato cha tatu, akapelekwa shule moja upande wa Longisa. Alituaga kama alivyofundisha, bila maneno mengi, na alituachia ufunguo wa kabati la hadubini pamoja na orodha ya vitu visivyotakiwa kusafishwa kwa mate. Baadaye mimi pia nikawa mwalimu wa somo hilohilo. Lakini ninapokumbuka miaka ile, ninayemwona kwanza ni mama, asubuhi moja ya ukungu, amefunga leso nyeupe kichwani, anatoka kambini kwa miguu na mama mmoja mgeni kutoka upande wa Bomet aliyekuwa akikohoa na kulia kwa pamoja. Hawakuwa na lugha moja vizuri. Mama alikuwa amembebea mtoto wake mgongoni, akimwonyesha kwa mkono njia ya mjini, na walikuwa wakitembea polepole, bega kwa bega, kwa kuwa kituo cha basi kilikuwa mbali na mlima ulikuwa mkali.